Gertrude Elion: mwanamuke mwenye alitafuta kipimo cha dawa ya figo

Mutu akiambiwa kwamba mafigo yake yamekufa, familia inafikiria kwanza feza ya dialize. Kisha inafikiria safari: India, ao kwa majirani. Kenya inapandikiza figo tangu miaka mingi. Tanzania ilianza mwaka wa 2017 kwenye hospitali ya Muhimbili. Rwanda ilifuata mwaka wa 2023 kwenye hospitali King Faisal ya Kigali, na mwezi wa 12 wa mwaka ule ule Uganda ikafanya ya kwanza pale Mulago. Kwa hiyo, hata huku Ngungu, habari ya mutu mwenye anaishi na figo ya dada yake haiko tena hadisi ya mbali.

Lakini kisu cha munganga peke yake hakitoshi. Tangu siku ya operesheni, mugonjwa anameza vidonge kila siku, maisha yake yote. Majuma ya kwanza wanamutoa damu mara mbili ao tatu kwa juma, ili wajue ni dawa kiasi gani iko ndani. Dawa ikipungua, mwili unafukuza figo. Dawa ikizidi, mikrobe ndogo tu inaweza kumuua. Kati ya watu wenye walifungua ile njia nyembamba, kuko Gertrude Elion, mwanamuke wa Marekani mwenye hakukuwa munganga, na mwenye hakumaliza masomo ya udaktari wa sayansi.

Babu yake, kisha muchumba wake

Gertrude Elion alizaliwa New York tarehe 23 mwezi wa 1 mwaka wa 1918. Baba yake alikuwa amekuja Marekani akiwa mutoto, akitoka Lithuania, na alikuwa munganga wa meno. Mama yake pia alitoka Ulaya ya mashariki. Walikuwa na maisha mazuri mpaka mwaka wa 1929, wakati biashara ya Marekani ilianguka na baba yake akapoteza karibu feza yote.

Akiwa na miaka 15, babu yake mwenye alimupenda sana alikufa kwa kansa ya tumbo. Musichana alimuona akizidi kudhoofika, na hakukuwa dawa ya kumupa. Ni hapo alikata shauri kusoma kemia. Ile mwaka, 1933, aliingia Hunter College, chuo cha wanawake chenye hakikuomba minerval kwa wanafunzi wenye walikuwa na alama za juu. Bila ile nafasi ya bure, familia haingeweza kumusomesha. Alimaliza mwaka wa 1937 na alama za juu sana.

Kisha masomo, milango ikafungwa. Aliomba vyuo vingi vimusaidie kuendelea, havikumupa feza. Aliomba kazi kwenye labo, wakamuambia kwamba mwanamuke mzuri atasumbua mawazo ya wanaume kazini. Alifundisha wauguzi miezi mitatu. Kisha alikubali kufanya kazi ya labo bila mushahara, ili tu mikono yake isisahau. Kidogo kidogo wakaanza kumulipa, mpaka akafika dolari 20 kwa juma. Aliweka ile feza, akalipa masomo ya juu kwenye chuo kikuu cha New York. Katika darasa lake la kemia alikuwa mwanamuke peke yake. Muchana alikuwa anafundisha kwenye shule ya sekondari, usiku na mwisho wa juma alikuwa ndani ya labo. Alipata diploma ya pili mwaka wa 1941.

Ile mwaka pia ilimuletea kilio. Muchumba wake, kijana Leonard Canter, alipatwa na mikrobe yenye iliingia kwenye moyo. Leo ugonjwa ule unatibiwa na antibiotiki. Wakati ule penisilini ilikuwa haijafika kwa watu wa kawaida, na Leonard akafa. Gertrude hakuolewa maisha yake yote. Mara mbili alikuwa amepoteza mutu wake juu dawa ilikuwa bado.

Vita ndiyo ilimufungulia mulango. Wanaume walienda kupigana, na makampuni yakaanza kutafuta wanawake wenye walisoma kemia. Kwanza alipima ukali wa matango ya siki na rangi ya kiini cha mayai ya mayonezi kwa kampuni ya kuuza chakula. Mwezi wa 6 mwaka wa 1944 aliingia kampuni ya dawa Burroughs Wellcome, karibu na New York, chini ya Bwana George Hitchings. Alikaa kwenye kampuni ile mpaka uzee wake.

Matofali ya uongo

Wakati ule, kutafuta dawa ilikuwa sawa kutafuta kitu gizani: unajaribu hii, unajaribu ile, mpaka moja ifanye kazi. Hitchings na Elion walishika njia ingine. Walijua kwamba kila chembe ya mwili, na kila mikrobe, mbele ya kuzaa inaomba vitu fulani vidogo vya kujengea, vyenye wataalamu wanaita purini na pirimidini. Ni sawa matofali kwa mutu mwenye anajenga nyumba. Wao walifikiri hivi: tukitengeneza tofali ya uongo, yenye inafanana na ya kweli lakini haishike ukuta, chembe itaichukua bila kujua, na kazi yake ya kuzaa itasimama. Chembe zenye zinazaa mbio sana, sawa zile za kansa, ndizo zitaumia mbele ya zingine.

Elion alipewa purini. Alijaribu pia kusoma udaktari wa sayansi usiku, akisafiri saa mingi kwa treni. Kisha miaka mbili, mukubwa wa chuo alimuambia kwamba lazima aache kazi na asome muchana wote. Alichagua kazi. Vyuo vikuu vilikuja kumupa ile heshima nyuma, wakati alikuwa tayari anajulikana dunia mzima.

Mwanzo wa miaka ya 1950 alitengeneza dawa yenye inaitwa merkaptopurini. Waganga wa New York waliijaribu kwa watoto wenye kansa ya damu. Mbele yake, watoto wengi wa ugonjwa ule walikuwa wanakufa kisha miezi mitatu ao mine. Na dawa mupya, wengine walisimama, wakacheza, nusu yao wakafika mwaka moja. Serikali ya Marekani iliikubali mwaka wa 1953. Lakini ugonjwa ulikuwa unarudi, na kwa Elion kila mutoto mwenye alirudia kitandani alikuwa kilio kipya. Ilimusukuma kuuliza ulizo moja: kisha mutu kumeza dawa hii, inaenda wapi? Ni kiasi gani inabakia kwenye damu, ni kiasi gani inatoka na mukojo, na ni nini ndani ya mwili inaiharibu?

Alianza kupima. Aliweka alama kwenye dawa ili aifuate kutoka kinywani mpaka mukojoni. Aliona kwamba sehemu kubwa ya dawa inaharibiwa mbio na kitu kimoja ndani ya mwili chenye kinaitwa zantini oksidazi. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kumeza kidonge kimoja, na damu zao zisikuwe na dawa sawasawa. Leo kila munganga anajua hilo. Wakati ule ni wachache walikuwa wanalifikiria.

Kutoka kansa mpaka figo

Kupandikiza figo kulikuwa kumeanza, lakini kwa bahati ya pekee tu. Tarehe 23 mwezi wa 12 mwaka wa 1954, kule Boston, munganga Joseph Murray alitoa figo ya Ronald Herrick na kuiweka kwa ndugu yake Richard. Richard aliishi miaka nane zaidi. Sababu yake ilikuwa wazi: wale wawili walikuwa mapacha wenye kufanana kabisa, na mwili wa Richard haukutambua kwamba figo ni ya mutu mwingine.

Kwa watu wengine wote, askari wa mwili wanaamka. Ni askari wale wale wenye wanatulinda na malaria, na kifua kikuu na vidonda vyenye kuoza. Wakiona figo ya mugeni, wanaishambulia sawa vile wanashambulia mikrobe, na kwa siku kidogo tu figo inakufa. Waganga walijaribu kuchoma mwili muzima na miale ili kuua askari wale. Karibu wagonjwa wote walikufa, juu walibakia bila ulinzi wowote.

Kisha, kuelekea mwisho wa miaka ya 1950, waganga wawili wa Boston, Robert Schwartz na William Dameshek, walifikiri kwamba askari wa mwili nao wanazaa mbio sawa chembe za kansa. Walipatia sungura merkaptopurini ya Elion. Wakawapiga sindano ya kitu kigeni, na askari wa sungura hawakuamka. Munganga kijana wa Uingereza, Roy Calne, alisoma habari ile na akajaribu kwa mbwa wenye walipandikizwa figo. Mbwa waliishi kupita vile ilitazamiwa. Alipoenda Marekani kufanya kazi na Murray, alipitia kwa Hitchings na Elion kuomba dawa zingine za aina ile.

Walimupa moja yenye walikuwa wameitengeneza mwaka wa 1957. Ilikuwa merkaptopurini yenye walivalisha sawa koti, ili mwili uifungue polepole. Jina lake ni azatioprini. Kwa mbwa ilifanya vizuri kupita dawa ya kwanza.

Kwa watu, mwanzo ulikuwa muchungu. Mugonjwa wa kwanza wa Boston mwenye alipewa azatioprini, mwaka wa 1961, figo yake ilifanya kazi zaidi ya mwezi moja, lakini yeye akafa kwa sumu ya dawa yenyewe. Dawa ilishinda askari wa mwili, ikashinda pia mwenye mwili. Waganga walilazimika kujifunza kushusha kipimo na kufuatilia damu. Mwezi wa 4 mwaka wa 1962, Murray alipandikiza figo ya mutu mwenye alikuwa amekufa, mwenye hakukuwa ndugu ya mugonjwa. Kwa msaada wa azatioprini, mugonjwa aliishi zaidi ya mwaka moja. Ilikuwa mara ya kwanza. Tangu hapo, mutu hakuombwa tena kuwa na pacha ili apone.

Kipimo ndiyo uzima

Elion hakuacha azatioprini ishike njia peke yake. Yeye na wenzake walikuwa wametengeneza dawa ingine, alopurinoli, ili isimamishe ile zantini oksidazi na merkaptopurini isiharibiwe mbio. Leo alopurinoli inajulikana zaidi kwa ugonjwa wa goute, ule wenye kuvimbisha kidole kikubwa cha muguu.

Hapo ndipo hatari inajificha. Mutu mwenye anameza azatioprini kwa sababu ya figo, akipewa alopurinoli kwa sababu ya goute bila munganga kujua, dawa ya kwanza inajaa kwenye damu. Uboho, ile sehemu ya ndani ya mifupa yenye inatengeneza damu, unaacha kazi. Kanuni yenye ilitoka ni hii: kama lazima vidonge vile viwili vipewe pamoja, azatioprini ishushwe mpaka karibu robo ya kipimo chake. Kidonge hakikubadilika, mugonjwa hakubadilika, ni dawa ingine tu iliongezeka, na kipimo cha jana kikawa sumu ya leo.

Dawa zenye zilikuja nyuma zinafuata sheria ile ile. Siklosporini ilitoka kwenye kuvu ya udongo na ikakubaliwa Marekani mwaka wa 1983. Takrolimusi nayo ilitoka kwenye udongo wa Japani, na leo hospitali nyingi zinaanza nayo. Zote mbili zinashinda azatioprini kwa nguvu, lakini zikizidi, zinaharibu figo ile ile zenye zilikuja kulinda. Takrolimusi inapimwa kwa nanogramu. Gramu moja iko na nanogramu miliari moja. Wanatoa damu asubuhi, mbele ya mugonjwa kumeza kidonge, ili waone ni kiasi gani kilibakia kutoka jana. Mutu mwenye alimeza kwanza kisha akaenda kutoa damu, matokeo yake yatadanganya munganga.

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo migumu, juu ndipo askari wa mwili wanapigana sana na ndipo dawa iko juu zaidi. Dawa ya kifua kikuu yenye inaitwa rifampisini inashusha sana takrolimusi ndani ya damu. Eritromisini na dawa fulani za kuvu zinaipandisha. Hata kuharisha kunaweza kuipandisha. Mizizi yenye jirani analeta kwa moyo muzuri, hakuna labo yenye ilipima namna inachezana na dawa ya figo. Ndiyo maana mugonjwa mwenye alirudi kutoka India ao Kigali anaombwa aonyeshe vidonge vyake kwenye kituo cha afya mbele ya kupokea kidonge kingine chochote. Na akiona homa, asingoje kesho, juu askari wake ni wachache. Kuacha dawa kwa sababu anajisikia muzima, ao kwa sababu barabara imefungwa na vidonge vimeisha, ni kufungulia askari wale mulango. Familia yenye inapanga safari ya figo inafaa ipange pia feza ya vidonge vya kila mwezi na ya kupima damu, mbele ya kukata tiketi.

Dawa zenye zilifika mpaka kwetu

Wengi huku hawatahitaji kamwe azatioprini. Lakini wengi wamekwisha kumeza kazi ya labo ile. Kutoka kikundi cha Hitchings, mwenye Elion alifanya kazi ndani yake, kulitoka pirimetamini, moja ya dawa mbili zenye ziko ndani ya Fansidar, ile wamama wenye mimba wanapewa ili kuwakinga na malaria. Kulitoka pia trimetoprimi, sehemu moja ya Bactrim. Njia ilikuwa ile ile: kudanganya mikrobe kwenye kazi yake ya kujenga, bila kuumiza mwenye mwili.

Mwaka wa 1967 Elion aliwekwa kuwa mukubwa wa sehemu ya utafiti. Mwaka wa 1970 kampuni ilihamia Carolina ya Kaskazini, naye akahama. Kule kikundi chake kilitengeneza asikloviri, yenye inapigana na virusi vya malengelenge. Kwa mutu wa figo mupya, dawa ile ni ukingo mukubwa, juu virusi vyenye vilikuwa vimelala vinaamka wakati askari wa mwili wanapunguzwa. Alistaafu mwaka wa 1983, lakini hakuacha kupitia kwenye labo. Watu wenye walijifunza kwake ndio walionyesha kwamba AZT inapigana na virusi vya SIDA, na mwaka wa 1987 ikawa dawa ya kwanza kukubaliwa kwa ugonjwa ule. Alisaidia pia shirika la afya duniani, OMS, kwenye kamati za dawa za malaria.

Asubuhi ya tarehe 17 mwezi wa 10 mwaka wa 1988, alikuwa ananawa uso wakati simu ililia. Mwandishi wa habari alimujulisha kwamba amepewa Tuzo ya Nobel ya tiba, pamoja na Hitchings na James Black wa Uingereza. Miaka mbili kisha, Joseph Murray naye akapata Nobel kwa kazi ya kupandikiza figo. Elion aliweka hesabu ya juu zaidi mahali pengine: kwenye barua za watu wenye hakuwajua, wenye walimuandikia kwamba mutoto wao amepona ao kwamba wanaishi na figo ya mutu mwingine.

Alikufa tarehe 21 mwezi wa 2 mwaka wa 1999, kule Carolina ya Kaskazini, akiwa na miaka 81. Azatioprini iko mpaka leo kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima. Bei yake iko chini ya zile zenye zilikuja nyuma, na kuna wagonjwa wenye wanaimeza tangu miaka makumi. Nao bado wanaombwa kitu kile kile chenye Elion aliomba: kumeza kwa saa, kutaja kila dawa ingine, na kurudi kutoa damu.